Gitaa Lililolala Chini ya Ngozi

Chumvi haina huruma na chuma. Mimi ni fundi wa redio, na nimefungua vitu vilivyonyeshewa, vilivyokanyagwa na ng'ombe, vilivyomwagiwa chai ya maziwa, lakini sijapata kuona kitu kilichoharibika kama gitaa la umeme nililolitoa katika stoo ya baba yangu hapa Isiolo. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Ngozi mbichi hupakwa chumvi ili zisioze, na maji yake ya chumvi yalikuwa yamelichuruzikia gitaa hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, likiwa limelala chini kabisa ya marundo, ndani ya gunia.

Nilikuwa nasafisha stoo kwa sababu baba hangerudi tena kazini. Kiharusi kilikuwa kimempiga miezi mitatu kabla, kikamchukulia upande wote wa kulia pamoja na ulimi. Mkono wa kushoto ulibaki mzima, ila aliukataa. Kwetu mkono wa kushoto haupeleki chakula mdomoni, na baba alikuwa tayari kufa njaa kuliko kuanza utovu wa adabu uzeeni. Mama alimlisha kwa kijiko. Alikuwa akimeza vijiko vitatu, vinne, kisha anageukia ukutani. Daktari alituambia kwamba asipoutumia huo mkono uliobaki, na asipotaka mwenyewe kuishi, dawa peke yake hazitamsaidia.

Nilipopita na gunia uani, mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Nikasikia sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu augue. Niligeuka nikamkuta ananitazama, na vidole vya mkono wa kushoto vinagongagonga blanketi.

Sikuwa najua kwamba baba aliwahi kupiga gitaa. Mama ndiye aliyenieleza, huku anachagua mchele, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Kabla hawajaoana, baba alikuwa katika bendi iliyopiga kwenye kumbi na baa kutoka hapa hadi Nanyuki. Babu, mtoto wa askari wa mkoloni aliyeletwa huku kutoka Somalia, mtu wa msikitini asiyecheka ovyo, hakumgombeza. Aliacha tu kula naye sinia moja. Kila mlo baba aliwekewa sahani yake pembeni, peke yake, mwaka mzima, mpaka akaliweka gitaa kwenye gunia na kuanza kununua ngozi.

Siku hiyo niliamua kwamba baba atalishika gitaa lake kabla hajafa. Nasema wazi, sikuwa nawaza muziki. Nilitaka ageuke kutoka ukutani.

Nililipeleka kwenye kibanda changu mtaani Wabera na kulifungua. Skrubu zilikatika nikizigusa. Vile vyuma vyembamba vya shingoni vilikuwa vimeota kutu ya kijani, ubao ulikuwa umepasuka nyuma kwa urefu wa kiganja, na ndani kulikuwa na kiota cha panya. Zile sumaku mbili zinazopokea sauti ya nyuzi nilizipima kwa mita. Moja ilijibu kidogo, ya pili ilikuwa maiti. Nikaifungua waya wake uliolika, mwembamba kuliko unywele, nikaisuka upya kwa waya niliotoa kwenye transfoma za redio mbovu, nikiizungusha kwa mota ya cherehani. Waya ulinikatikia mara tano. Nilitukana peke yangu mpaka mama mboga wa jirani akauliza kama ninaye mgeni.

Ubao niliuziba kwa gundi na unga wa mbao. Rangi yake ya zamani ilikuwa imekwanguka pembeni mwa ubao, upande wa chini, mahali ambapo mkono wa mpigaji haufiki. Nikasema ni chumvi, nikaisugua yote, nikampelekea fundi anayepaka rangi vichwa vya malori akaipuliza upya. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na tundu la skrubu ya kufungia mkanda, pembe ambayo kwenye picha zote za simuni mwangu haina mkanda. Nikasema ni kazi ya mtu asiyejua, nikaliziba. Na juu kabisa ya shingo kuna kile kipande kidogo cha mfupa chenye mifereji sita, kila uzi na mfereji wake, mipana ya nyuzi nene na myembamba ya nyuzi nyembamba. Cha baba kilikuwa kimechongwa kinyume. Nikacheka. Nikakitupa, nikaenda kwa muuza nyama nikachukua mfupa wa ngamia, nikauchemsha, nikaukausha, nikachonga kingine sawasawa kama cha kwenye video. Nilijiona mjuzi kweli.

Nyuzi mpya zililetwa na dereva wa basi kutoka Nairobi. Sikuwa na amplifaya ya kufaa, lakini mchungaji mmoja wa Ngaremara alikuwa ameniachia ya kanisa niitengeneze. Nikampigia simu kuomba ruhusa. Alicheka, akasema ikijaribiwa kwa gitaa la Muislamu itakuwa imebarikiwa mara mbili.

Nilimpelekea baba baada ya sala ya alasiri. Nilimkalisha, nikampangia mito mgongoni, nikamwekea gitaa mapajani, shingo yake ikielekea kushoto kama nilivyoona kwenye simu. Linang'aa, jekundu, kama limetoka dukani jana. Nikawasha amplifaya. Mama alisimama mlangoni na kijiko mkononi.

Baba alilitazama kwa muda. Kisha, kwa ule mkono aliokuwa hautumii hata kujikuna, akaikamata shingo na kuivuta. Alikuwa analigeuza. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alipomaliza kuligeuza alikuwa anahema. Akashusha dole gumba la kushoto kwenye nyuzi, kutoka juu kwenda chini.

Sauti ilitoka, na ilikuwa safi. Lakini ilianza na uzi mwembamba na kuishia na uzi mnene, na uso wake ukabadilika. Akarudia. Dole lake lilikuwa linautafuta uzi mnene mahali ulipokuwa siku zote, na haukuwapo. Mara ya tatu hakumaliza. Aliweka kiganja juu ya nyuzi zote zikanyamaza, akanitazama, na machozi yakamtoka.

"Baba yako ni wa kushoto," mama akasema.

Sikumwelewa. Baba nilimjua akila kwa kulia, akiandika kwa kulia, akihesabu tasbihi kwa kulia.

"Hooyo, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na yeye alinikataza nisiambie mtu." Alikuja akampangusa baba uso kwa ncha ya shuka yake. "Akiwa mtoto, babu yako alikuwa anafunga hiyo mkono na kitambaa kila saa ya kula, mpaka ikazoea kukaa. Gitaa ndio kitu pekee alifanya nayo."

Basi kila kitu kikajieleza, na mimi nimekaa pale kama mjinga. Rangi haikuliwa na chumvi, ililiwa na mkono wa baba, kwa sababu alilishika gitaa kinyume. Tundu la mkanda alilitoboa mwenyewe. Ule mfupa uliochongwa kinyume aliuchonga mwenyewe. Vyote vilivyokuwa vyake ndivyo nilivyovisahihisha.

Na hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Ningeweza kuzigeuza nyuzi palepale, kwa robo saa. Zingelegea kidogo kwenye mifereji isiyo yake, zingetoa mlio wa nyuki, lakini ule mnene ungekuwa juu na dole la baba lingeupata. Yeye asingejali. Aliyejali ni mimi. Ufundi ulinipanda kichwani, nikaona aibu kumpa mzee kitu cha kubabaisha. Nikamwambia, "Aabo, nipe siku tatu, nitakutengenezea vizuri." Alipapasa ubao kidogo kabla sijauchukua. Jioni hiyo mama aliniambia kwamba baba alikula vijiko tisa.

Nikarudi kwa muuza nyama. Mfupa mpya ulitaka kuchemshwa na kukaushwa, na nikauchonga taratibu, mfereji kwa mfereji, kwa tupa ndogo. Siku ya pili nilitoboa tundu la mkanda upya. Siku ya tatu nilikuwa nimefunga nyuzi nne, saa tano asubuhi, mama alipopiga simu. Alilia tu, na nikajua.

Tulimwosha kabla ya adhuhuri. Mzee mmoja wa msikitini, anayeijua kazi hiyo, alinielekeza kwa sauti ya chini, maana mimi ndiye kifungua mimba na ilikuwa haki yangu. Anza na kulia, akasema. Nikaanza na kulia. Ule mkono niliujua. Tangu nilipopata akili nilimsalimia baba kwa mkono huo, na hata ulipokufa ganzi niliendelea kuunyanyua kutoka kwenye blanketi kila asubuhi, kwa heshima, nikaubusu na kuurudisha.

Kisha kushoto, akasema mzee.

Niliushika. Ulikuwa mwepesi, na vidole vyake vilikuwa virefu kuliko nilivyodhani. Nilimwagia maji nikapitisha kitambaa katikati ya kila kidole, nikarudia, nikarudia tena, mpaka mzee akanigusa bega. Aliniambia mara tatu zinatosha. Sikuuachilia. Nilikuwa nimeishi na baba yangu miaka yangu yote, na ilikuwa mara ya kwanza kuushika mkono wake wa kushoto.