Kilo za Mama Mkwe

Nilimwandikia mama mkwe wangu kilo mia moja na kumi na mbili. Hakuna aliyenituma wala aliyenishika mkono. Niliketi mwenyewe mbele ya kompyuta, chai pembeni, nikaziandika tarakimu hizo tatu katika kisanduku chake, nikabonyeza pa kutuma, nikajiona mkwe mwenye adabu kuliko wakwe wote wa La Rochelle, mtaa wetu hapa Johannesburg.

Kabla hamjanicheka, sikilizeni ilivyokuwa.

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ni nesi huko Kanada. Mama yao alipokaribia kutimiza miaka sabini, shemeji akaona keki haitoshi. Akatukatia tiketi sote, bibi, binti, mkwe na wajukuu wawili, twende tukapande naye meli ya utalii kule Vancouver, itupeleke Alaska, kwenye milima ambayo barafu yake inateremka taratibu mpaka baharini, kama mto uliogoma kuwa na haraka. Visa zilitutoa jasho miezi kadhaa, lakini zikatoka. Ikabaki kazi moja tu. Meli hiyo hutia nanga katika miji mitatu, na katika kila mji abiria hushuka kwenda kutembea nchi kavu. Matembezi hayo huchaguliwa mapema, kwenye kompyuta, na ni mengi kuliko mashati yangu. Shemeji akasema nichague mimi. Sababu yake ilikuwa moja: "Wewe si uko nyumbani siku nzima?"

Ni kweli niko nyumbani. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, na karakana yangu ni chumba cha nyuma cha nyumba hii tunayopanga. Nikienda Fordsburg kununua sindano na mikanda, huaga watoto kama mtu anayevuka mpaka. Randburg nilifika mara moja, nikapotea kwenye roboti ya tatu, yaani taa za barabarani, nikarudi na kulala siku mbili. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa Alaska.

Nikaanza kusoma, na nikaanza kukasirika. Kwenye ukurasa wa kwanza waliandika kwamba matembezi yao ni ya familia nzima. Familia nzima ya nani? Walipanga ugumu wa safari kwa picha za viatu. Viatu vitatu ni kijana anayening'inia kwenye kamba juu ya korongo, meno yote nje. Kiatu kimoja ni wazee wawili kwenye basi, blanketi magotini, wanalichekea ua. Katikati hapakuwa na mtu. Kumbe huko duniani mwenye miaka sabini anatakiwa achekee maua na kushukuru.

Nikichagua mitumbwi, mtoto wetu mdogo hajafikisha umri. Nikichagua mbwa wanaovuta mkokoteni juu ya theluji, mke wangu ananiuliza kama nimesahau alivyoumwa na mbwa pale Rosettenville. Nikichagua treni ya mlimani, mkubwa anasema hiyo ni ya watu waliokufa zamani. Wiki mbili mteja mmoja alisubiri cherehani yake nikiwa nawapangia watu wasiopangika. Nikimpigia shemeji kulalamika, ananicheka, anasema yeye kazini anapanga zamu za manesi arobaini na hawezi kuniamini kwamba watu watano wananishinda.

Mwishoni nikapata safari moja iliyotutosha sote. Ni helikopta. Inawachukua pale bandarini, inawatua juu ya barafu yenyewe, mnavalishwa mabuti, mnatembea nusu saa na mwenyeji wa huko, mnarudi. Haina umri, haina kupanda mlima. Walitaka kitu kimoja tu: uzito wa kila abiria, pamoja na nguo zake.

Hapo ndipo Alaska ilipokutana na Katanga, huko Kongo tulikotoka.

Kwetu mkwe hamkodolei macho mama mkwe wake. Hali mbele yake, hakai kiti chake, hapishani naye kwenye korido kama wanafunzi wakati wa mapumziko. Mama ameishi nasi miaka kumi na moja katika nyumba hii yenye korido moja, na heshima tumeilinda, ingawa imetugharimu mazoezi ya viungo. Nakohoa kabla ya kutoka chumbani. Akiwa jikoni, njaa yangu inasubiri. Akinitaka, huwatuma watoto, nao hufikisha ujumbe nusu kwa Kiingereza nusu kwa Kizulu, kwa hiyo hunifikia umepungua chumvi. Mimi macho yangu yako sakafuni. Mama mkwe wangu namjua kwa ndala zake: za bluu, ya kushoto imeliwa upande wa kisigino. Zikipita, nasema moyoni, mama huyo anapita. Basi mtu huyo sasa nikamuulize ana kilo ngapi?

Nilimuuliza mke wangu. Alikuwa anatoka mbio kwenda saluni, chanuo mdomoni. Akasema mama yake si gunia la mahindi, niandike tu.

Nikaandika tu. Nilianza kwa kukadiria. Ilikuwa Julai, na baridi ya Johannesburg Julai haina mchezo. Mama alikuwa akivaa vitenge viwili, sweta mbili na koti la zamani la mke wangu, vyote kwa pamoja. Kivuli chake kikipita koridoni, chumba changu kinaingia giza. Nikasema tisini. Halafu nikajirudi. Tisini kwa mama wa mke wangu? Lubumbashi mama akienda kukaa kwa mkwe wake akarudi amekonda, wajomba wanaitana kikao. Kumpunguzia kilo ni kukiri kwa maandishi kwamba kwangu hali vizuri, tena maandishi yanayokwenda Amerika. Nikamwongeza. Nikaongeza tena kidogo kwa ajili ya ukarimu. Zikafika mia na kumi na mbili, nikaona zimependeza. Za kwangu niliandika themanini, maana kujikweza si tabia yangu.

Jibu lilikuja Jumamosi, na lilikuja kwa kila aliyekuwa kwenye orodha. Shemeji alilisoma kabla yangu. Akapiga simu ya video, mke wangu akaiegemeza kwenye sufuria jikoni, sauti juu, mama akiwa pale pale anachambua maharage. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ukuta na bisibisi mkononi, nikasikia kila neno. Mgeni wa tatu, kilo mia na kumi na mbili, amevuka kiwango cha helikopta. Kwa hiyo wamemhamishia Safari ya Upole: basi lenye joto, bustani ya maua, kisha mahali pa kutotoleshea samaki. Blanketi litatolewa. Inashauriwa mmoja wa familia aandamane naye.

Shemeji akauliza ni nani aliyeandika hizo kilo. Nikasikia mwiko ukigonga ukuta wangu mara mbili. Shemeji akasema basi tumejua wa kuandamana naye.

Saa nne za basi! Mimi na mama mkwe, kiti kimoja, blanketi moja, tukitazama mayai ya samaki. Wangenifunga tu.

Jioni ile nilimvamia mke wangu kwa hasira zote. Nilimwambia hii kampuni haina adabu. Inamhamishaje mama wa watu kama sanduku, bila hata kumuuliza anataka nini? Alikuwa anavua viatu. Akanitazama, akasema, "Na wewe ulimuuliza?" Halafu akaenda kulala.

Siku tatu mama hakutuma mtoto kwangu, hata kuniuliza kama nimekula. Ndala zilipita koridoni polepole, zikarudi polepole. Nikawaambia watoto wamwambie bibi kwamba ni kosa la kompyuta. Wakaenda, wakarudi wakasema bibi amecheka. Niliuliza amecheka vipi. Wakasema, "Eish, Papa, si vizuri."

Siku ya nne, mchana, nilikuwa nimefungua tumbo la cherehani ya jirani yetu, ndala zikaja, na hazikupita. Zilisimama mlangoni kwangu. Miaka kumi na moja hazikuwahi kusimama pale. Nikainuka na mafuta mikononi, nikainamisha kichwa.

"Mukwe," akasema. "Inua macho."

Niliyainua, nikayapeleka kwenye kalenda iliyo nyuma yake.

"Huko ni ukuta. Mi niko huku."

Nikamtazama. Alikuwa amevua koti, amevua sweta zote mbili, amebaki na blauzi na kitenge kimoja. Alikuwa mdogo. Nasema mdogo, angeweza kupita kwenye dirisha langu. Kilichokuwa kikubwa kwake ni shingo, ngumu, imesimama wima kama mguu wa meza. Shingo hiyo nilikuwa nimesimuliwa. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba mama yao aliwasomesha kwa barafu: alfajiri kiwandani, kipande kizima ndani ya gunia lenye maranda ya mbao, kichwani, mpaka sokoni, akivunja na kuwauzia wenye samaki na wenye soda. Nilikuwa naijua habari hiyo vizuri. Sijui niliiweka wapi nilipokuwa nasoma habari za viatu vitatu.

"Mi nimeuzisha barafu miaka makumi mbili na nane," akasema. "Kila siku, saa sita ikifika, imekuwa maji. Yenye haijauzwa, maji. Nimetaka kusimama juu ya ile yenye haiishi. Mara moja tu. We unanipeleka kuangalia samaki?"

Ukurasa ule ule wa helikopta uliandika kwamba barafu yao nayo inayeyuka, inarudi nyuma kila mwaka. Sikumwambia. Lilikuwa jambo la kwanza la akili nililofanya mwezi ule.

Nikaanza kueleza mambo ya heshima, kwamba sikutaka aonekane hali vizuri kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akatoka uani, akamwita jirani alete mizani.

Jirani yetu ni Mtanzania wa Kigoma, fundi wa kushona, nyumba ya pili kutoka kwetu. Ndiye aliyekuwa akimshonea mama koti la safari, na cherehani iliyokuwa mezani kwangu ni yake. Ana mizani ya kusimama chini, ya kupimia mabunda ya vitambaa. Aliileta kwa kuiburuta, futi ya kupimia shingoni. Mke wangu akatoka, watoto wakatoka. Mama akavua ndala, akapanda.

Sitini na moja.

Mama akashuka, akavaa ndala zake, moja, ya pili, bila haraka. "Sasa we," akaniambia.

Nilisema nina kazi. Nilisema mizani ile ni ya vitambaa, haiwezi kusoma mtu aliye na mafuta mikononi. Nilisema saa ya chakula imekaribia na mtu hupimwa kabla ya kula au baada, si katikati. Jirani akaisogeza mizani mpaka vidoleni mwangu. Nikapanda. Ule mshale ulipita themanini kama haujaiona, ukapita mia, ukatulia kwenye mia na kumi na tano. Mke wangu akakaa chini palepale kwenye saruji kucheka. Mama hakucheka. Alisema tu kwamba kumbe kwa mkwe wake watu wanakula vizuri.

Nilirekebisha fomu siku ile ile, mbele ya wote. Mama aliketi kiti cha pembeni yangu, mara yake ya kwanza kuketi hapo, na alifuata kila tarakimu kwa kidole kwenye kioo. Nilipofika kwangu nikaandika mia na kumi, kidole chake hakikuondoka. Nikaandika kumi na tano.

Majibu yalirudi baada ya siku mbili. Mgeni wa tatu amerudishwa kwenye helikopta. Mgeni wa tano, ambaye ndiye mimi, amehamishiwa Safari ya Upole. Blanketi litatolewa. Inashauriwa mmoja wa familia aandamane naye. Nikawaangalia mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na shughuli.

Ilinipanda hasira nikaandika barua. Mtu wa miaka arobaini na minane, mwenye viungo vyote, mnampa blanketi kwa amri ya nani? Mnajua anataka nini? Niliandika aya tatu kali. Sikuituma, maana nilipokuwa natafuta neno la kumalizia nilikumbuka kwamba lile basi lina joto, lina viti laini, na halipandi hewani. Lakini kukasirika niliendelea kukasirika, na bado.

Kesho yake nilimrudishia jirani mizani yake na cherehani yake iliyopona. Nilimkuta anapunguza koti la mama. Nikaona nimpate angalau mmoja wa kunielewa. Nikamweleza jinsi mila ilivyonifunga, jinsi nilivyolinda heshima miaka yote, kwamba mtu anayetazama sakafu atajuaje ya juu, na kwamba mimi mama nilimjua kwa ndala. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, ndipo akanijibu:

"Mimi nimempima mama dakika tano, nikajua kiuno, nikajua bega, nikajua anataka kukanyaga barafu. Wewe uko naye miaka kumi na moja, unajua ndala."