Vyungu Vinne vya Mama Mkwe wa Dokta

Kliniki ya meno kila mtu huiingia akitetemeka, lakini mwezi ule hakuna aliyetetemeka kumshinda Mama Dekio, ambaye meno yake yote yalikuwa mazima.

Jina hilo alipewa na mlinzi, maana alikuwa haachani na dekio lake. Alikuwa na kibarua cha usafi cha miezi mitatu, na miezi yenyewe ilikuwa inakatika Ijumaa ya mwisho kabla ya sikukuu. Sasa Ijumaa hiyohiyo mama mkwe wa Dokta angekuja kukagua maua yake. Alikuwa ameleta vyungu vinne vya poinsetia, yale maua ya msimu wa sikukuu ambayo majani yake ya juu ni mekundu kama yamechovywa rangi. Kila chungu kimevishwa karatasi ya kung'aa, utadhani kinaolewa. Dokta akavipanga mapokezi, akasema, "Mama, haya nakukabidhi. Yakifa haya, mimi na wewe tutafute pa kwenda."

Dokta akacheka. Mama Dekio hakucheka. Mtu anayeng'oa magego huku anaimba, utajuaje lini anatania?

Akayalea kama watoto njiti. Akayaondoa chini ya kiyoyozi, akayasogeza karibu na dirisha yapate mwanga, na mara mbili kwa wiki akayapa kikombe kimoja kimoja. Wiki ya pili jani la kwanza likadondoka, la manjano, limelegea. Akaliokota akalitia mfukoni mwa aproni kabla mtu hajaona. Kesho yake matano. Keshokutwa mfuko umevimba, anatembea ameushikilia kama mwizi wa machungwa.

Usingizi ukaota mbawa. Chakula hakipiti.

"Una nini wewe?" akauliza mumewe, fundi viatu.

"Maua."

"Maua ndiyo yanakunyima kula?"

"Wewe humjui mwenye maua."

Jumatano asubuhi akampelekea jani muuza miche wa barabarani.

"Lina kiu, eti?"

"Kiu gani, dada'ngu? Hili limezama. Hebu kanyanyue chungu. Kikikushinda, ujue kimelewa maji."

"Mimi nakipa kikombe kimoja tu!"

"Basi una mwenzako."

Mwenzako! Akarudi mbio. Akanyanyua chungu, kiuno kikalia. Akafunua ile karatasi ya kung'aa: maji yametuama humo ndani, hayana pa kutokea, na yananukia. Harufu hiyo aliijua. Ni yale maji ya dawa wanayopewa wagonjwa kusukutulia.

Mchana, watu walipokwenda kula, akajibanza nyuma ya meza ya mapokezi. Mlango wa ndani ukafunguka. Dokta mwenyewe huyo, ananyata na vikombe viwili.

"Kunyweni," anayabembeleza. "Kunyweni jamani, mama anakuja Ijumaa."

Hapo ndipo Mama Dekio alipoogopa sawasawa. Akinyamaza, maua yanakufa na lawama ni yake. Akisema, anamwambia nani? Bosi, kwamba bosi ndiye muuaji? Dekio likamponyoka, paa! Dokta akaruka, vikombe vyote chini.

"Mama! Umeniua!"

"Dokta, samahani... wewe ndiye unayaua." Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyechomwa ganzi. "Mizizi imeoza. Na hiyo dawa ni ya meno, Dokta. Maua hayana meno."

Dokta akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Usimwambie mama," akanong'ona.

"Mimi nimwambie nini? Naogopa kuliko wewe."

Wakatoboa karatasi chini, wote wawili wamepiga magoti, wakachuruzisha maji kwenye ndoo.

Ijumaa ikafika. Vyungu viwili vimeshika wekundu wao, viwili vimebaki vipara. Mama mkwe akaingia, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, akachomeka kidole kwenye udongo.

"Nani anayamwagilia haya?"

Mlinzi ghafla akakumbuka geti. Mama Dekio akakiona kibarua chake kinaota nyasi.

"Mimi, mama," akasema. "Na mwingine."

"Mwingine nani?"

Akakaza macho sakafuni. Angetaja, amekwisha. Asingetaja, amekwisha vilevile.

Dokta akakohoa. "Mimi, mama. Maji ya kusukutua."

Mama mkwe akampima juu mpaka chini. "Na nani aliyekuzuia?"

"Yeye."

"Basi hivi viwili vilivyopona ni vyake. Mwakani usivisogelee. Ataviangalia yeye."

"Umesikia, Mama?" Dokta akasema haraka. "Mwakani."

"Mwakani... mpaka lini, Dokta?"

"Mpaka mama achoke kuleta maua. Karatasi ya kazi njoo utie sahihi saa nane."

Mama Dekio akaitikia vizuri, akatembea vizuri mpaka stoo, akafunga mlango. Akaigeuza ndoo, akaikalia, na miguu ikamtetemeka mpaka saa nane.