Sahani Zisizo na Spiriti

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakuniuliza chama changu. Miaka ile ya vyama vingi watu waligomeana hata mazishini, nami nilitoka Gando kwenda Chake Chake na jibu tayari mdomoni. Yeye aliniambia ninyooshe mkono, akautazama kama unatetemeka, kisha akanipa pipeti, mrija wa kioo wa kunyonyea matone. Tulimwita Bi Mkuu.

Tulikuwa tukiotesha seli za ngozi ndani ya sahani, katika kabati lenye joto la mwili wa mtu, na kuchunguza seramidi. Hayo ni mafuta yaliyomo kwenye utando unaoizunguka kila seli. Seli ikidhurika, seramidi huongezeka utandoni na kupeleka ishara ndani. Ishara zikizidi, seli hujimaliza yenyewe. Haipasuki ikawachafua jirani. Husinyaa, hujigawa vipande vidogo vilivyofungika, na jirani huvila. Bi Mkuu alikiita kifo chenye adabu. Uvimbe wa saratani, alituambia, umejaa seli zilizokataa adabu hiyo.

Seramidi haiyeyuki kwenye maji, huyeyushwa kwa spiriti. Kwa hiyo sahani za kulinganishia hutiwa spiriti tupu, ijulikane muuaji ni seramidi au ni spiriti. Ulipoingia Ramadhani, harufu ile ilinitia wasiwasi juu ya saumu yangu. Seramidi Bi Mkuu alikwisha kuichanganya na spiriti mwenyewe. Spiriti tupu ndiyo niliyotakiwa kuimimina mimi. Nikatia maji. Daftarini nikaandika spiriti. Nilijiambia kitone kimoja hakina uzito.

Seli za seramidi zilikufa nyingi ajabu, za kulinganishia zikanawiri. Bi Mkuu, aliyebakiwa na miezi michache astaafu, alianza kuandika ripoti aliyoingojea maisha yake yote ya kazi. Baada ya Idi nilimkuta anaisoma kwa sauti ya chini, peke yake. Sikuweza kuendelea kunyamaza.

"Bi Mkuu, zile sahani sikutia spiriti."

"Ngapi?"

"Zote. Mwezi mzima."

Alivua miwani, akaifuta, hakuivaa.

"Weye umefunga mwezi mzima na kila siku ukaandika uwongo," alisema. "Ungeniambia, ningetia mwenyewe."

Hakunifukuza. Aliichana ripoti, tukarudia. Spiriti peke yake ikaua karibu nusu ya seli. Kipimo chetu cha spiriti kilikuwa kikali mno. Tukakipunguza, tukaanza upya, na siku zake zikaisha kazi ikiwa njiani.

Baadaye nilihama sana: Unguja, Tanga, Mtwara. Sikuweza kutulia pahala. Nimestaafu mapema, sijafika hamsini, macho yamechoshwa na hadubini. Vijana wakiniuliza kuhusu kazi ile, sikumbuki vyeti. Nakumbuka mchana niliopanda baiskeli kwenda Ole kumpelekea Bi Mkuu ripoti ya kweli, iliyotoka chini ya jina la mkuu mwengine. Ilisema seramidi huua kweli, ila polepole, na seli chache kuliko tulivyodhani.

Alikuwa akianua karafuu mkekani. Akakaa, akaisoma yote, kisha akarudi ukurasa wa pili.

"Sahani za spiriti tupu katia nani?"

"Mimi, Bi Mkuu."

Akaikunja ile ripoti, akaitia kifuani.