Nilikwama ndani ya kifaru cha Marekani, mama akaenda kunitafuta zoo

Wakuu, heshima kwa wazee wa jukwaa, na vijana wenzangu mambo vipi.

Naanza na kukiri ili mcheke mapema tumalizane: nilijiingiza mwenyewe ndani ya kifaru cha Marekani, mchana kweupe, nikiwa na uniform ya shule, nikashindwa kutoka.

Sijatia chumvi. Anayebisha aje Berea, hapa Joburg, nimwoneshe kovu la kifundo cha mguu na kiatu kimoja cha shule. Kile cha pili mtajua kiliko.

Mnanikumbuka lakini. Mimi ndiye yule dogo wa Joburg niliyeingia kwenye uzi wenu wa silaha nikaandika "tanki la Sherman". Mlinishukia wote. "Tanki ni la maji, dogo!" Mwingine akauliza linabeba lita ngapi.

Mkanifundisha kwamba kwa Kiswahili sanifu kile kitu kinaitwa KIFARU.

Nyumbani kwetu hakiitwi hivyo. Mama ni wa Bukavu, Kongo, kwake ile ni "char", ya Kifaransa. Kifaru kwake ni mnyama tu, yule mwenye pembe puani. Shikeni hapo, ndipo balaa langu lilipolala.

Basi nikawa mwanafunzi mzuri. Nilisoma vifaru vya Marekani kuliko nilivyowahi kusoma somo la Life Sciences.

Nikajua kile cha M3, ambacho mzinga wake mkubwa waliubandika ubavuni kwa sababu vita imeshawaka na kichwa cha kuubeba hakijawa tayari. Yaani ukitaka kumpiga adui aliye upande wa pili, unageuza kifaru kizima kama mtu anayetafuta mkia wake.

Nikajua Sherman, injini ya ndege imeshindiliwa nyuma, ndiyo maana kimeinuka juu kama kabati. Mwanzoni kikipigwa, risasi zake za mzinga zilikuwa zinalipukia humo humo ndani, mpaka wakabuni kuzizungushia maji. Mjerumani alikuwa na chuma kizito zaidi. Mmarekani akajibu kwa kufyatua Sherman kama mikate.

Na vile vya vita ya Iraq? Abrams inakunywa mafuta kama mjomba wangu kwenye harusi ya watu. Hamvii, lile jipu lao la jeshi, ilikuwa nyepesi hadi askari wenyewe wakawa wanaichomelea vyuma chakavu. Mwisho wakaja na magari yenye tumbo la V la kukwepa mabomu ya barabarani, kitu ambacho hapa Sauzi kilikuwepo toka zamani. Superpower inakopi homework, wakuu.

Niliwaandikia yote hayo. Mkuu mmoja akanijibu mstari mmoja tu: "Dogo unaongea sana, hata kukigusa hujawahi."

Iliniuma.

Sasa hapa Joburg kuna makumbusho ya vita, yamepakana kabisa na zoo. Sherman wanayo. Nikaapa nitawawekea picha nimekaa kiti cha dereva.

Tatizo lilikuwa moja. Shuleni nilikuwa na final warning. Nilichapisha vibali feki vya kwenda chooni, darasa zima likahamia chooni. Principal alitaka kunifukuza. Mama, ambaye anasuka nywele hapa Berea, alikwenda ofisini na chanuo bado kimechomekwa kichwani, akambembeleza mpaka sauti ikaisha. Principal akasema simu moja tu ya malalamiko, nimekwisha.

Nikaenda Jumamosi na rafiki yangu Themba, mpiga picha wa siku. Uniform tulivaa kwa sababu wanafunzi wanapunguziwa kiingilio. Akili nyingi, mbele giza.

Kibao cha USIPANDE tulikiona. Tulikisoma hata. Lakini kifuniko cha dereva kilifunguka nilipokivuta, nikatumbukia.

Wakuu, humo ndani mnapaongelea vibaya. Hakuna usukani, kuna fimbo mbili. Kunanuka kutu na panya wa zamani. Watu watano walikaa humu na risasi zao, mimi peke yangu nilikosa pa kuweka magoti. Nikanyoosha mguu kukanyaga pedeli ili picha iwe na uhai. Kiatu kikapita chini yake.

Hakikurudi.

Nikavuta. Nikazungusha. Nikasali. Juu nikamsikia Themba: "Bra, mlinzi anakuja!" Kisha nikasikia viatu vyake vikienda mbali. Hadi leo anasema alikwenda kutafuta msaada.

Nikajikunja. Nikipiga kelele mlinzi ananikuta, jina la shule liko kifuani, simu inapigwa, Jumatatu sina shule. Salio lilitosha SMS moja. Nikainua simu juu kidogo kutafuta network, nikamwandikia mama, kwa Kiswahili sanifu mlichonifundisha nyinyi:

"Mama niko karibu na zoo nimekwama ndani ya kifaru. Ni mzima ila mguu hautoki. Usiite mtu."

Isomeni tena kama mama wa Bukavu.

Haya mengine nilisimuliwa na Dada Goreth, Mrundi, mteja aliyekuwa kitini akisukwa. Mama alisoma, akatupa simu, akatoka mbio. Goreth akaiokota, naye nyuma, kichwa nusu misuko nusu msitu. Wakafika geti la zoo, mama akamshika shati mtu wa tiketi.

"Mutoto wangu! Kifaru gani alimumeza?"

Yule mtu haelewi. Goreth akatafsiri: "Rhino yenu imemla mtoto wake, mguu ndio umebaki."

Eish. Watu wa zoo walikimbia kwenda kuwahesabu vifaru wao. Wote wapo, wanakula nyasi. Ndipo Goreth akaisoma ile SMS mwenyewe, na kwa Kirundi nao gari la vita wanaliita hivyo hivyo. Akanyoosha kidole upande wa pili wa uzio.

Wakati huo mlinzi alikuwa ameshanipata. Mzee wa makamo, mpole hata akikasirika. Alichungulia kwenye tundu, akaona mguu ulipobanwa.

"Eish, mfana. Umejaribu kuvua kiatu?"

Wakuu.

Unene wa chuma cha Sherman naujua kichwani. Kufungua kamba za kiatu hakukunijia.

Nikatoka na soksi. Kiatu kikadondoka chini huko kwenye fimbo na vyuma, kipo mpaka leo, kinalinda demokrasia.

Mzee alikuwa anasoma jina la shule kifuani kwangu, simu mkononi, tayari kupiga. Nikamwona mama analetwa na Goreth. Nikajiandaa kwa kofi. Ningelipokea kwa mikono miwili.

Hakuja.

Alisimama mbali, pale magari ya vita yanapoanza kupangwa. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama ule mzinga, na alikuwa amesimama pembeni yake, si mbele. Mkono mmoja ulikuwa umekwenda mgongoni, kama anashikilia kitu kisidondoke. 

Sijawahi kumwona hivyo, hata kwa principal.

Mzee akamwona. Akanitazama mimi. Akarudisha simu mfukoni.

"Mpeleke mama yako nyumbani," akasema. "Haraka."

Goreth akatangulia kwenda kutafuta kitambaa cha kufunika lile balaa la kichwani. Mimi na mama tukatembea, mimi na kiatu kimoja. Alikuja kuongea kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya kupandia mtaa wa Hillbrow. Ilikuwa nyekundu.

Funzo nililopata: anayejua kila kitu kuhusu kifaru anaweza kuwa anaishi chumba kimoja na mtu anayekijua kweli, na hajawahi kumuuliza. Picha sina, mkuu uliyenichokoza umeshinda. Nitukaneni hapo chini, mnijibu pia kama kwa mama wa Bukavu mngeandika "char" au mngesubiri kufukuzwa.

Ila maneno ya mama pale kwenye robot nayaacha kama yalivyo, asije mtu kumsahihishia Kiswahili:

"Miye nilikimbiaka hizi vitu na weye ku mugongo. Leo umelipa kusudi uingie."