Alichoandika Nasike Langoni

Saa moja asubuhi katika ufuo wa Dunga, Nasike Walubengo amepiga magoti kando ya mashua mpya, brashi mkononi. Kabla ya kugusa ubao, anamgeukia mwenye mashua.

"Mzee, hii Kiingereza inasema nini?"

Zamani hakuuliza. Mjane huyu wa miaka arobaini na minne aliachia shule darasa la tatu, lakini kwa miaka kumi na tisa ameandika mabango Kisumu. Mteja humpa karatasi, naye hunakili herufi kama anayechora maua.

"Kuzipamba nilijua. Kusoma, hapana."

Machi mwaka huu, Adongo, muuza samaki wa kukaanga huko Nyamasaria, alimletea maneno matatu: *Here to stay*. Nasike aliyaandika kwa rangi nyekundu kwenye vibanda kumi na viwili. Hakujua kwamba wachuuzi walikuwa wamepewa notisi ya kuhama.

Siku ya tatu alikuta tingatinga likivunja vibanda hivyo. Mwanamume mmoja aliyevaa kofia ya kazi aliuliza nani aliyeandika maneno yale. Nasike akainua mkono.

"Nilidhani ameipenda kazi yangu."

Alitiwa pingu kwa uchochezi. Alipoulizwa maana ya maneno hayo alinyamaza, polisi wakadhani ni kiburi. Adongo, aliyekamatwa pia na kufungiwa naye seli moja, ndiye aliyemweleza.

"Mama, tulisema tuko hapa na hatutoki."

Nasike anakumbuka: "Pingu si kitu. Nilijiuliza, miaka hii yote nimewaandikia watu nini?"

Jioni waliachiliwa bila mashtaka. Adongo alirudi palepale na karai lake, akakaangia samaki chini ya mwavuli. Nasike naye alimchukua bintiye, Akello, wakazunguka mjini akisomewa kazi zake moja moja. Nyingi zilikuwa bei na majina ya watu.

Kisha wakafika kwenye lango la nyumba ya kupangisha, ambalo Nasike hulipita kila Jumapili akienda kanisani. Akello alisoma kimya, akakataa kutamka. Mama alipomshurutisha, akatafsiri Kiingereza kile: hapa wajane hawapangishwi.

"Niliketi chini barabarani," Nasike anasema. "Mkono wangu huu. Na nilikuwa nimeyawekea maua pembeni."

Mwenye nyumba amekataa maneno hayo yafutwe, hata kwa rangi ya Nasike mwenyewe.

Sasa kila Jumamosi Nasike anahudhuria masomo ya watu wazima. Juzi alisoma ukurasa mzima, kidole kikifuata mstari.

"Nikimaliza nitamwandikia barua yule mwenye nyumba," anasema. "Kwa Kiingereza hichohicho. Na hiyo nitajua inasema nini."