Sahihi ya Mzee Prosper

Naona aibu hata kuanza, maana nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya wanafunzi wangu na suruali ikachanika, lakini ile ilikuwa aibu ya kucheka, hii hapana, hii mpaka leo nikiikumbuka naziba uso hata nikiwa peke yangu.

Mimi ni mwalimu wa historia, naishi Kihonda, na ugonjwa wangu (ndivyo mke wangu anavyouita) ni kukusanya hundi za zamani za benki, zile zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, na kwangu mimi utamu wote uko kwenye sahihi. Sasa nikasikia kuwa kule Mgeta, milimani, kuna Bibi Kristina, mjane wa Mzee Prosper aliyekuwa katibu wa ushirika wa wakulima wa kahawa, ana hundi moja iliyobatilishwa yenye sahihi ya mumewe, na hana maandishi yake mengine yoyote. Nikapanda mpaka kwake, nikamwomba aniazime kwa ajili ya maonyesho madogo tuliyokuwa tunaandaa mjini.

"Utairudisha kama ilivyo?" akaniuliza.

"Kama ilivyo, bibi."

Mjukuu wake, Ester, akaipiga picha kwa simu, ndipo nikapewa.

Nilipofika nyumbani nikaona wino umefifia, na katikati ya jina mstari umekatika kabisa. Nikajiambia, si nipitishie wino kidogo tu, nani atajua? Nikachukua kalamu, nikaufuata mstari polepole, pale ulipokatika nikaunganisha, na nilipomaliza (Mungu anisamehe) nikajisifu kwamba imependeza.

Siku ya maonyesho nikaiweka mbele kabisa, nikawa nawaelezea walimu wenzangu na wahadhiri waliotoka Mzumbe, kifua mbele, eti mtaalamu: "Sahihi ya kughushi utaijua, mkono unasitasita. Angalieni hii, imetiririka mpaka mwisho!" Watu wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akaandika kwenye daftari. Ndipo akaingia Bibi Kristina, kitenge kipya, ameshikwa mkono na Ester. Nilikuwa nimemwalika mwenyewe.

"Shikamoo bibi! Karibu, njoo umwone mzee."

"Marahaba." Akavaa miwani, akainama, akaangalia muda mrefu. "Mwalimu, huu si mkono wa mume wangu."

Hapo ningesema kweli yangeisha. Badala yake nikawageukia watu nikacheka, nikasema, "Macho ya uzee hayo, bibi amesahau." Na watu wakacheka naye yupo pale pale. Ester hakucheka. Akatoa simu, akatafuta ile picha, akampa mhadhiri aliyekuwa karibu, simu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiilinganisha picha na hundi iliyokuwa mezani.

"Kidole chake hiki," bibi akasema, akiinua cha shahada, "kilikatwa na mashine ya kumenyea kahawa. Kila akiandika jina lake, kalamu ilimchomoka hapa. Ndipo nilipokuwa namjulia." Akanitazama. "Wewe umemnyoosha."

Nikaomba radhi, sijui hata kwa maneno gani, nikaitoa hundi mezani nimrudishie. Hakuipokea.

"Kaa nayo, mwanangu. Hiyo umeandika wewe."

Baada ya wiki mbili nikapanda tena Mgeta nikiwa nimejiandaa kutukanwa, na kwa kweli ningeyapokea matusi kwa mikono miwili. Akanipikia magimbi na maharage, akaniuliza habari za watoto, akanisindikiza mpaka barabarani, na kuhusu hundi hakutamka neno, na mimi nikakosa ujasiri wa kuanza. Nililia njiani, mtu mzima mimi.

Nimeacha kukusanya. Cha marehemu wa mtu sitakiazima tena, hata nikiletewa mlangoni kimefungwa kwa utepe, na anayeniuliza sababu namwambia macho yangu siku hizi hayaoni vizuri, maana hata sasa, mnaona wenyewe, bado nasingizia macho.