Posti za Mzungu

Baba alipoteza macho mwaka ule ule kikundi chao kiliponunua shamba la mzungu huku Yamumbi. Hisa yake alikuwa ameshalipa, lakini ploti zilikuwa zigawanywe kwa kura, na baba mdogo alikuwa ameanza kusema, "Kipofu atalima nini? Nitamchukulia karatasi mimi." Mama alijua karatasi hiyo haingefika kwetu.

Mwalimu wa vipofu alikuja siku tatu tu, akanionyesha mimi jinsi ya kutembea kwa fimbo ili nimfunze Baba. Mguu wa kulia mbele, fimbo iguse kushoto. Wa kushoto mbele, fimbo kulia. Mimi, msichana wa kidato cha pili ambaye hata salamu zilinishinda, nimwamrishe baba yangu!

"Baba, tafadhali, fimbo chini."

"Wewe ni mwalimu ama ni askari?"

Njia ilifuata seng'enge ya mzungu hadi ghalani, ambako kura ingepigwa, kwa hivyo nilimfundisha kugusa posti, zile nguzo za ua, na kuhesabu. Ya arobaini, unapinda. Wiki mbili akaijua njia.

Siku ya kura akaniambia nibaki nyuma, nisimguse, nisiseme neno. "Wakiona nimeshikwa mkono, nimekwisha."

Tulipofika penye ua, posti hazikuwepo. Tangu jana yake watu walikuwa wamezing'oa, kila mtu azungushie ploti ambayo hata hajapewa. Baba akapiga fimbo kushoto, ikapita hewani. Akapiga tena. Pale ghalani watu walikuwa wameshatuona. Neno moja tu lingetosha. Nilinyamaza, na si kwa ushujaa: niliogopa macho yote yale yakinigeukia.

Fimbo ikatumbukia shimoni. Akaichomoa, akapapasa mbele, akapata shimo lingine.

"Washenzi hawa," akasema kwa sauti, kisha akaanza kuhesabu mashimo.

Ghalani baba mdogo alimkimbilia. "Mzee, kaa tu, nitakuchukulia."

"Kwani mkono wangu nao ni kipofu?"

Watu wakacheka. Baba akaingiza mkono kwenye kofia ya karani, akatoa karatasi, akaninyooshea mimi. "Soma."

Sauti haikutoka. Baba mdogo akanyoosha mkono aichukue.

"Soma, mama, wasikie wote!" Baba akaniambia.

"Kumi na saba!" Nilipiga kelele hadi nikakohoa. Karani akaandika jina la Baba kwenye ploti hiyo.